Eliya Chini ya Mti: Neno juu ya Watabibu wa Nafsi

Somo: 1 Wafalme 19:1–21



Sura niliyoitaja hapo juu yatupa habari za mtu wa Mungu aliyechoka kuishi. Haukupita muda mrefu tangu Eliya aliposimama juu ya Karmeli mbele ya taifa zima, akaomba, na moto ukashuka. Sasa amepata vitisho vya malkia Yezebeli. Amekimbia hata Beer-sheba, amemwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima. Ameketi chini ya mti, naye amwomba Mungu amtwae. Kisha alala usingizi wa mtu asiyetaka kuamka.

Wasomaji wengi hupita upesi mahali hapa, ili wafike Horebu kwenye upepo, na tetemeko, na moto. Nawasihi tukae kidogo chini ya mti ule, tutazame jinsi Mungu alivyomtendea mtumishi wake. Hakumkemea. Hakumwuliza imani yake imekwenda wapi. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji. Eliya akala, akalala tena, naye akaachwa alale. Malaika akarudi mara ya pili akamlisha, kwa sababu safari iliyokuwa mbele ilizidi nguvu zake. Huko Horebu Mungu alimwuliza sababu ya kuwapo pale, na Eliya akamwaga yote yaliyomo moyoni. Akaulizwa swali lile lile tena, akajibu maneno yale yale, wala hakukatizwa. Mwisho akapewa kazi ya kutenda, akapewa Elisha awe mwenzi wake, akaambiwa kwamba wamebaki watu elfu saba waaminifu, ingawa yeye alijidhania yu peke yake.

Kuguswa, mkate, usingizi, swali, masikio yasiyochoka, kazi, na mwenzi: hiyo ndiyo dawa Mungu aliyoitumia. Nami mwezi huu nataka kusema nanyi juu ya watu wanaojifunza kazi ya namna hiyo katika vyuo vikuu vyetu, na kwa nini jambo hilo latuhusu sisi tulio washarika.

Kwanza, tuwatazame wale walio chini ya mti katika nchi yetu.

Ziwa letu hutulisha, lakini pia limetuliza. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa mamia ya watu, na wengi wao wamelala katika makaburi ya Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Maiti walizikwa, sala zikasomwa, magazeti yakanyamaza. Lakini yuko mama ambaye tangu siku ile hathubutu kukanyaga kivuko, hata mwanawe akiugua ng'ambo. Yuko mvuvi aliyeona wenzake wakizama usiku, naye sasa husikia sauti zao kila taa za dagaa ziwashwapo. Yuko mwanamke aliyejifungua salama, watu wakaleta zawadi, naye hawezi kumtazama mtoto wake wala hajui sababu. Yuko kijana aliyekuwa wa kwanza darasani, sasa husema na watu wasioonekana. Yuko mzee aliyestaafu, asiyelala, asiyekula, asiyefika tena ibadani. Watu husema, "Ana mawazo," kisha wakapita.

Nasi huwatendea nini? Wengine huwaficha nyumba ya nyuma, wageni wasiwaone. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Wengine hutafuta mtu wa kumlaumu, na nchi hii yetu ya Usukuma yajua damu ngapi za bibi vizee zimemwagika kwa sababu ya maneno ya namna hiyo. Wengine huwafunga kamba au minyororo, hata mahali panapoitwa pa maombi. Na sisi tulio wapole kuliko hao humwambia mgonjwa, "Omba zaidi, mshukuru Mungu, wengine wana shida kuliko zako." Maneno hayo ni mepesi kwa asemaye, lakini kwa asikiaye ni kama jiwe lililofungwa shingoni mwa mtu anayezama.

Kumbukeni habari ya yule mtu wa ng'ambo ya ziwa la Galilaya, katika Marko sura ya 5. Wenzake walikuwa wamemfunga minyororo mara nyingi, wala haikumfaa. Bwana alimwuliza jina lake. Watu walipokuja walimkuta ameketi, amevaa, akili zake zimemrudia. Tena Bwana hakumchukua mbali, alimrudisha nyumbani kwa jamaa zake. Kwa hiyo mtu aliyepona nafsi ana mahali pake katikati yetu, mezani na kanisani.

Pili, tuwatazame wanaojifunza kazi hii, na kazi yenyewe ni ipi.

Iko elimu iitwayo saikolojia ya tiba, yaani elimu ya kutibu nafsi iliyojeruhiwa. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambacho chanzo chake ni shule ya utabibu iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, kimeanzisha masomo ya shahada ya uzamili katika elimu hiyo. Jirani zetu wa Makerere huko Kampala, na wa Chuo Kikuu cha Nairobi, nao hufundisha vivyo hivyo. Kwa watu wengi wa sharika zetu habari hii bado ni ngeni, basi nieleze kwa maneno machache.

Mwanafunzi haingii humo akitoka shule ya sekondari. Kwanza amemaliza shahada ya kwanza. Ndipo huongeza masomo, kwa kawaida miaka miwili. Hujifunza kupambanua huzuni ya msiba, ambayo ni njia ya wanadamu wote, na ugonjwa wa huzuni, ambao humla mtu hata mifupani. Hujifunza kutambua mahali ambapo ugonjwa wa mwili umejivika sura ya ugonjwa wa akili, kama malaria iliyopanda kichwani, au kifafa, ili mgonjwa apelekwe kwa mganga upesi. Hujifunza namna za kuzungumza zilizopimwa na kuthibitishwa: jinsi ya kumsaidia mwenye hofu kukikaribia kile anachokiogopa hatua kwa hatua, na jinsi ya kumsaidia aliyekata tamaa kuyachungua mawazo yake mwenyewe na kurudia kazi ndogo ndogo za siku. Hujifunza kutunza siri. Kisha huingia wodini, akaketi na wagonjwa halisi, na mwalimu wake husimamia kila neno, kama fundi amsimamiavyo mwanagenzi.

Huyo hatoi vidonge. Yuko daktari wa magonjwa ya akili, aliyesomea udaktari, ambaye kazi yake ni pamoja na kutoa dawa. Na hawa wawili hufanya kazi bega kwa bega. Mgonjwa mmoja atahitaji dawa, mwingine mazungumzo, wengi watahitaji vyote viwili.

Labda mtu atauliza, "Je, kwenda kwa mtu kama huyo si kumwacha Mungu?" Namjibu kwa Katekisimo Ndogo ambayo Luther aliiandika mwaka 1529, nasi twawafundisha watoto wetu. Katika maelezo ya sehemu ya kwanza ya Imani twaungama kwamba Mungu ndiye aliyetupa akili na fahamu zetu, naye ndiye azihifadhiye. Ikiwa akili ni kipawa chake kama jicho na mguu, mbona tumpeleke hospitali mwenye mguu uliovunjika na kumwacha nyumbani mwenye akili iliyovunjika? Luther mwenyewe aliyajua mateso ya moyo. Alipowaandikia watu wenye huzuni nzito aliwaonya wasikae peke yao, wale, wazungumze na rafiki, wafurahi pamoja na wengine. Na mwaka 1527, tauni ilipoingia Wittenberg, alifundisha kwamba atumiaye dawa hamdharau Mungu. Husimuliwa pia kwamba mwaka 1540, rafiki yake Melanchthon alipolala mahututi mjini Weimar kwa uchungu wa moyo, Luther aliomba kwa nguvu kando ya kitanda, kisha akamlazimisha anywe supu. Sala na supu vilikwenda pamoja, kama chini ya mti wa Eliya.

Walakini kila mtu ashike mpaka wa kazi yake. Mtabibu wa nafsi hana mamlaka ya kuondoa dhambi, wala hadai kuwa nayo. Mchungaji naye asijifanye mtabibu. Akija mtu aliyeiba fedha za chama, moyo wake ukamchoma, apewe ungamo na ondoleo, kisha arudishe fedha. Akija mtu ambaye moyo wake wamchoma usiku na mchana kwa kosa ambalo hakulitenda kamwe, ondoleo peke yake halitamtuliza, maana huyo ni mgonjwa. Kumwita mgonjwa mwenye dhambi ni kumwongezea mzigo, na kumwita mwenye dhambi mgonjwa ni kumnyima Injili. Ndiyo maana watenda kazi hawa wawili wahitajiana.

Tena msidhani kwamba jambo hili ni geni katika Kanisa la Kilutheri la nchi hii. Katika milima ya Usambara pana mahali paitwapo Lutindi. Mwaka 1896 pale palifunguliwa makao ya watoto waliookolewa utumwani. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, wakaanza kupokelewa wagonjwa wa akili, miaka mingi kabla serikali ya Waingereza haijafungua hospitali ya Mirembe huko Dodoma mwaka 1927. Lutindi ingali ikifanya kazi mikononi mwa kanisa letu, na wagonjwa hupewa kazi za shamba na za mikono kuwa sehemu ya matibabu yao. Baba zetu katika imani walianza na vyombo vichache na elimu haba ya wakati wao. Haifai sisi, ambao tumefunguliwa milango ya elimu kubwa zaidi, tubaki mlangoni.

Tatu, nataka kuwaambia linalotupasa.

Mkoa wa Mwanza, kwa hesabu ya mwaka 2022, una watu zaidi ya 3,600,000. Hospitali ya Bugando, ambayo ndugu zetu Wakatoliki waliijenga juu ya kilima chake, huwapokea wagonjwa wa akili, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini waliosomea kazi hii ya nafsi katika nchi yetu ni wachache mno kwa watu wengi kiasi hiki, na wengi wao hukaa miji mikubwa. Mvuvi wa Ukara hatapanda kivuko anachokiogopa ili akatafute dawa ya hofu ya kivuko.

Tena liko jambo la lugha. Vitabu vya elimu hii vingi vimeandikwa kwa Kiingereza, na mgonjwa haugui kwa Kiingereza. Mama wa Magu atasema kwa Kisukuma kwamba moyo wake umekuwa mzito. Mzee wa Ukerewe atasema kwa Kikerewe kwamba kichwa kimejaa. Asiyeijua lugha ya mama huyo atasikia habari za moyo, akampeleka kupimwa mapigo yake. Kwa hiyo haitoshi kungoja tuletewe watabibu kutoka mbali. Twahitaji wana na binti za Ziwa hili, wanaojua jinsi watu wao walivyo na jinsi wanavyolia, wapelekwe wakasome.

Najua neno litakalosemwa katika vikao vya wazee. Litasemwa hivi: "Kanisa letu linavuja, mabati ya mtaa wa pili bado hayajanunuliwa, na mchungaji anataka tumsomeshe mtu mmoja miaka miwili ili akasikilize watu? Kusikiliza nani hawezi?" Ni swali la haki, wala silidharau, maana fedha zenyewe ni za wajane na wavuvi.

Lakini fikirini lile daraja la kutoka Kigongo hata Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, lililofunguliwa mwaka 2025. Miaka mingi tulilitamani, tuliliombea, na wasafiri waliungoja usafiri huku wagonjwa wao wakizidiwa. Je, lilisimama kwa kutamani? Hata mwenye huruma nyingi kuliko wote asingeweza kusimika nguzo moja majini pasipo kujifunza uzito wa maji na nguvu ya chuma. Na moyo wa mwanadamu una kina kuliko Ghuba ya Mwanza. Asikilizaye pasipo kufundishwa huweza kusema neno moja la haraka, na mtu aliyekuwa akikaribia nchi kavu akarudi kilindini.

Tena mtu mmoja aliyefundishwa vema haishii kuwa mmoja. Huko Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mtaa wa Mbare, Harare, waketi katika mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye mioyo mizito kwa utaratibu maalumu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliohudumiwa na bibi hao walikuwa na nafuu kuliko wale waliopata huduma ya kawaida peke yake. Lakini angalieni: bibi hao walifundishwa na kusimamiwa na mtu aliyesoma. Tukimsomesha mmoja, huyo naye aweza kuwafundisha wainjilisti ishirini, na wainjilisti ishirini wafika mialo na visiwa ambako gari halifiki. Eliya mwenyewe hakupona ili akae peke yake na uponyaji wake. Alimtwaa Elisha shambani nyuma ya ng'ombe, Elisha akafuatana naye na kumtumikia, hata akawa tayari kuishika kazi.

Basi nashauri haya. Kila usharika uchunguze kama una kijana, mwanamume au mwanamke, aliyemaliza shahada ya kwanza katika uuguzi, udaktari, ustawi wa jamii au saikolojia yenyewe, mwenye subira na mwenye kutunza siri. Jina lake lipelekwe dayosisini, na masharti ya chuo yaulizwe mapema. Sharika kadhaa zishirikiane ada ya mmoja, kwa agano kwamba akimaliza atarudi kutumika Ziwani kwa miaka itakayopatanwa. Naye akirudi akute chumba chenye mlango ufungikao, mahali ambapo mtu aweza kulia pasipo kuonekana na kwaya inayofanya mazoezi. Kama kwa ajili hiyo mnara wa kengele utangoja mwaka mmoja au miwili, ungoje. Watu wetu wamezoea kuitwa ibadani hata kwa gurudumu la gari lililotundikwa mtini, wala Mungu hajakataa kuja.

Na wakati tunapongoja, ninyi wainjilisti mna kazi ya leo. Mkimkuta mtu chini ya mti, msianze na mahubiri. Ulizeni kama amekula na kama analala. Sikilizeni mpaka mwisho, hata akirudia yale yale. Mkiona dalili kwamba amechoka kuishi, mwulizeni waziwazi, kwa upole, kama anawaza kufa. Msiogope kwamba swali litampandia wazo hilo. Waliochunguza mambo haya wameona kwamba swali la upole halimpi mtu wazo jipya, na mara nyingi humtua mzigo. Akikubali, msimwache peke yake. Ondoeni nyumbani dawa ya pamba na sumu zote, waiteni jamaa zake, mfikisheni zahanati au hospitali siku ile ile. Aliyepewa dawa na daktari msimwambie aziache kwa jina la imani. Mwombeeni kila siku, mkirudi kumtembelea hata wiki za baadaye, wengine watakapokuwa wamesahau. Na mtu asisikie habari zake kutoka midomoni mwenu.

Siku moja labda shule ya namna hii itafunguliwa hapa hapa ufukoni mwa Ziwa, na wanafunzi wake watajifunza kwa wagonjwa wanaosema lugha zetu. Sisi tuanze na mmoja. Mungu aliyemlisha Eliya angaliweza kumwinua kwa neno tu. Alipenda kumtuma malaika mwenye mkate, kisha akampa mwanadamu mwenziwe. Hata sasa apenda kutumia mikono. Katika kikao cha wazee kijacho mtaulizana ni mikono ya nani. Naomba jina moja litajwe.

Bwana awalinde mioyo yenu na akili zenu, awakumbuke wote walalao wasitake kuamka, na kuwapelekea upesi mtu wa kuwagusa. Amina.